Nguvu ya Kukataa: Wabunge wa Uganda na Bajeti ya Afya ya Mwaka 2012

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Leo yamo katika Wilaya ya Isingiro, iliyomegwa kutoka Mbarara mwaka 2005. Wakimbizi hawachagui wabunge. Hata hivyo, hutibiwa katika vituo vya afya pamoja na raia majirani zao, na wanaozidiwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mbarara. Kwa hiyo, uamuzi wa mbunge kuhusu bajeti ya afya huwagusa hata watu wasioweza kumwajibisha. Makala hii inachunguza uamuzi mmoja wa aina hiyo.

Mnamo Septemba 2012, baadhi ya wabunge wa chama tawala cha NRM waliungana na upinzani kuizuia bajeti ya mwaka 2012/13. Walidai shilingi bilioni 39.2 za kuajiri wahudumu wa afya, na walipendekeza zipunguzwe kutoka fungu la ulinzi. Hatimaye serikali ilikubali kutenga takriban bilioni 49.5 ili kuajiri wahudumu zaidi ya 6,000 katika vituo vya afya vya ngazi ya tatu na ya nne.

Mbinu hiyo ilitokana na Katiba yenyewe. Ibara ya 93 inamzuia mbunge kuwasilisha hoja inayoutwisha Mfuko Mkuu wa Hazina mzigo mpya, isipokuwa kwa niaba ya serikali. Mbunge hawezi kuongeza, anaweza kukataa. Na kukataa kuna uzito pale tu wabunge wa chama tawala wanapokubali kukiuka msimamo wa chama chao.

Ukaidi huo una gharama. Mwaka 2013 NRM iliwafukuza wabunge wanne kwa madai ya utovu wa nidhamu, ingawa si kwa sababu ya bajeti hiyo pekee: Theodore Ssekikubo, Wilfred Niwagaba, Mohammed Nsereko na Barnabas Tinkasiimire. Mwaka 2014 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba wamepoteza viti vyao; Oktoba 2015 Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo, ikieleza kwamba kufukuzwa na chama si sawa na kukihama.

Kwa washauri wa sera, funzo ni kwamba fedha za vituo vya pembezoni hutegemea pia ulinzi wa kiti cha mbunge anayekataa. Aidha, kwa kuwa maamuzi mengi ya Bunge hupitishwa kwa sauti, majina ya waliokubali na waliokataa hayaandikwi. Mpiga kura wa Isingiro hawezi kumwuliza mbunge wake alisimama wapi. Mkimbizi wa Nakivale hana hata nafasi ya kuuliza. Kuandika kura za bajeti kwa majina kungekuwa mwanzo wa uwajibikaji kwa wote wawili.