Blanketi na Kitabu cha Huzuni

Kaeni vizuri. Walio na madaftari wayaweke kando kwa sasa, maana leo hatuandiki herufi wala hesabu. Leo ni somo la khabari za kale, na mwisho wake nitajibu barua.

Barua hiyo ndiyo iliyozaa somo hili, basi heri nianze nayo. Imetoka kwa mama mmoja wa nyanda za juu, huko Njombe kwenye baridi. Yeye anafuma blanketi la mjukuu wake aliyezaliwa juzijuzi. Analifuma kwa sindano mbili, kwa uzi wa sufu, vipande vidogo vya mraba ambavyo baadaye ataviunga pamoja. Vyatakiwa vipande 120, yaani kumi kwa upana na kumi na viwili kwa urefu, naye amekwisha fuma 74. Mikono yake imezoea kazi hiyo tangu usichana, haihitaji tena kuangaliwa. Kwa hiyo, tangu alipojua kusoma katika darasa la watu wazima, huweka kitabu wazi mezani, akakibana kwa jiwe, akasoma huku sindano zikienda.

Kitabu chenyewe ni Rosa Mistika, hadithi ya Euphrase Kezilahabi. Mama anasema amefika karibu na nusu na kinamkosesha usingizi. Kila akisoma khabari za Rosa anamwona binti yake mwenyewe, mama wa huyo mtoto anayefumiwa blanketi, ambaye alirudi nyumbani kabla ya kumaliza masomo, na baba yake akakaa miezi mingi bila kumsemesha. Anauliza kama anaweza kukiacha. Anaona haya, kwa kuwa alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, na kuacha kitabu katikati anaona ni kama utoro.

Sitamjibu upesi. Kwanza tusafiri kidogo, twende Uingereza ya kaskazini, katika bonde liitwalo Dent.

Bonde hilo ni la milima, mvua na kondoo. Ardhi yake haikutosha kumlisha mtu kwa kilimo pekee, kwa hiyo watu walishika ufumaji. Kwa muda mrefu, hasa katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, walifuma soksi, kofia na glavu za kuuza, zikiwamo soksi za askari. Si wanawake tu. Wanaume walifuma, watoto walifuma, wazee waliokaa mlangoni walifuma. Mtu alipokwenda sokoni alifuma njiani, na mchungaji alifuma nyuma ya kondoo wake. Kiunoni walichomeka kijiti cha mti kilichochongwa vizuri, chenye tundu la kushikia sindano moja, hivyo mkono mmoja ukapata nafasi ya kazi nyingine. Sifa zao zilivuma, wakaitwa kwa jina ambalo kwa Kiswahili ni “wafumaji wa kutisha wa Dent.” Msidhani walitisha watu. Katika lafudhi yao neno hilo lilimaanisha hodari kupita kiasi, kama sisi tusemavyo kwamba fulani ni hatari kwa mpira.

Jioni ilikuwa desturi majirani kukusanyika katika nyumba moja, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Sababu yake ni uchumi: moto mmoja na mshumaa mmoja ulitosha watu wengi. Waliketi, wakayumbisha miili yao kwa mwendo mmoja na sindano, na huku wakiimba na kusimuliana hadithi. Mfumaji hodari hahitaji macho. Masikio yake na moyo wake viko huru. Ndiyo maana tangu zamani kufuma na hadithi ni ndugu, kama vile kwetu kusuka ukili na kupeana ngano.

Lakini msidhani maisha yale yalikuwa raha tupu. Mshairi Robert Southey alichapa katika kitabu chake kimoja masimulizi ya mwanamke mmoja aliyepelekwa Dent utotoni pamoja na mdogo wake ili wafundishwe kufuma. Kazi ilikuwa ngumu, chakula wasichokizoea, na nyumbani ni mbali. Wale watoto wawili wakatoroka wakati wa baridi kali, wakapita milimani kwa miguu mpaka kwao. Ni hadithi ya huzuni, nayo ilikumbukwa na kusimuliwa na yule yule iliyompata, akiwa amekwisha kuwa mzee.

Basi miaka ikapita na mashine zikachukua sehemu kubwa ya kazi ya mikono. Vitabu navyo vikaongezeka. Mnamo mwaka wa 1842 Bwana Charles Mudie alianzisha London maktaba ya kuazimisha vitabu, ambapo mtu alilipa gini moja kwa mwaka, akaazima kitabu kimoja kwa wakati mmoja. Hadithi ndefu zilichapwa katika vitabu vitatu vitatu, kwa hiyo watu watatu waliweza kusoma hadithi moja kwa zamu. Jioni, katika nyumba za wenye nafasi, mtu mmoja alisoma kwa sauti, na mama na mabinti wakashona au kufuma. Mambo haya yalikuwa na matokeo makubwa. Kwa kuwa kitabu kilisomwa mbele ya watoto na wageni, wenye maktaba walitaka vitabu ambavyo baba hatavionea haya kuvisoma kwa sauti. Mwandishi aliyetaka kula sharti alijua hilo.

Hapo ndipo anapoingia Thomas Hardy. Alizaliwa mwaka wa 1840 katika wilaya ya Dorset, kusini ya Uingereza, mtoto wa fundi mwashi. Chuo Kikuu hakwenda. Alijifunza kazi ya kuchora ramani za majengo, akasoma Kigiriki kwa juhudi yake mwenyewe, kisha akawa mwandishi mashuhuri. Mwaka wa 1895 alitoa hadithi yake iitwayo Jude the Obscure, yaani Jude asiyejulikana na mtu.

Nawaomba msikilize hadithi hii kwa makini, maana inawahusu ninyi kuliko watu wengi. Jude ni yatima anayelelewa na bibi mwenye duka la mikate. Anapeleka mikate kwa gari la farasi, na juu ya gari hilo anafungua kitabu cha Kilatini, farasi akijiendea. Shabaha yake ni kuingia Chuo Kikuu katika mji ambao mwandishi anauita Christminster, lakini kila msomaji alijua kuwa ni Oxford. Anajifunza uashi ili apate riziki. Anafika mjini, anatengeneza kuta za vyuo kwa mikono yake, lakini ndani haingii. Anawaandikia wakuu wa vyuo. Mmoja anamjibu kwa ufupi, kwamba yeye ni mfanyakazi na ingekuwa heri ashike kazi yake. Usiku ule Jude anachukua chaki, anaandika ukutani mwa chuo aya moja ya kitabu cha Ayubu, ya mtu asemaye kuwa naye ana akili kama wengine.

Mambo yanazidi kuwa mabaya. Ndoa yake yavunjika. Anaishi na binamu yake Sue bila kufunga ndoa, na watu wanawakatalia vyumba vya kupanga. Kisha, ndugu zangu, watoto wanakufa, wote watatu kwa siku moja, na kwa namna ambayo sitaieleza redioni saa hizi wakati watoto wenu wako macho. Jude mwenyewe anakufa akiwa bado kijana, peke yake, na nje kelele za sherehe za mji zasikika dirishani.

Watu wengi walikasirika. Mkewe Hardy, Emma, alikichukia kitabu hicho. Mwaka wa 1896 Askofu William Walsham How wa Wakefield, katika jimbo la Yorkshire lenye viwanda vya sufu, aliandika gazetini kwamba amekitupa motoni. Ilikuwa mwezi wa Juni, ambao huko ni majira ya joto, nami hujiuliza moto huo ulikuwa wa kazi gani. Tena askofu hakuridhika kukiunguza cha kwake tu. Alifanya bidii mpaka kampuni ya W. H. Smith ikakiondoa katika maktaba yake ya kuazimisha.

Hapo mimi naachana na askofu. Kukiacha kitabu ni haki yake, na hata kuni ni zake. Lakini yule msomaji wa mji mwingine, labda mwashi au mfua chuma, aliyekwenda maktaba akaambiwa kitabu hakipo, yeye aliulizwa na nani?

Hardy aliishi miaka 32 tangu siku zile, wala hakuandika tena hadithi mpya ndefu. Aligeukia mashairi, akatoa kitabu chake cha kwanza cha mashairi mwaka wa 1898. Wapo wasemao kwamba makelele yale yalimchosha, na wapo wasemao kwamba siku zote alipenda mashairi zaidi. Nadhani yote mawili ni kweli. Na mwaka wa 1920 Chuo Kikuu cha Oxford, kile kile, kilimpa shahada ya heshima. Alikuwa na miaka 79.

Lakini swali la Jude halikuzikwa naye. Mwaka wa 1899 ilifunguliwa mjini Oxford nyumba ya masomo iitwayo Ruskin Hall, baadaye Ruskin College, kwa ajili ya wafanyakazi wa kawaida. Waanzilishi wake walikuwa Wamarekani, Walter Vrooman na Charles Beard. Mwaka wa 1903 Albert Mansbridge, aliyekuwa karani, alianzisha pamoja na mkewe Frances chama cha kuwaelimisha wafanyakazi, nacho kikaeneza madarasa ya watu wazima mijini. Sisemi kwamba hadithi ya Hardy ndiyo iliyojenga chuo. Vyama vya wafanyakazi vilikuwapo na madai yao yalikuwapo kabla yake. Lakini watu waliosoma khabari za Jude waliona aibu ya ukuta ule kwa macho yao.

Na kwetu je? Mwaka wa 1961, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa Dar es Salaam kwa watu wazima ambao hawakupata nafasi ya kusoma zaidi, na mfano uliofuatwa ulikuwa ule wa Ruskin. Leo mahali pale pana Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Kwa hiyo mwanafunzi yeyote mzima aliyepanda pantoni kwenda Kigamboni na daftari kwapani ana undugu fulani na yule kijana wa mikate.

Sasa turudi kwa mama wa Njombe. Kitabu anachosoma nacho kina mkasa wake. Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alikitoa mwaka wa 1971. Katika hadithi hiyo baba mlevi anamfungia binti yake kwa ukali mwingi, na binti anapotoka nje ya macho yake hajui jinsi ya kujilinda. Kitabu kilikatazwa mashuleni kwa muda, kwa sababu kilisema wazi mambo ambayo watu walizoea kuyanong’ona. Baadaye marufuku ikaondolewa. Mwandishi alifariki mwaka wa 2020.

Mama, kukiacha kitabu si utoro. Mtoro huogopa kazi, nawe umekwisha fuma vipande 74. Mimi mwenyewe niliacha hadithi ya Jude pale watoto wanapokufa. Nilikifunga kitabu, nikakiweka juu ya kabati, kikakaa zaidi ya mwaka. Nilipokirudia nilikimaliza kwa siku mbili. Hakikuwa kimepungua huzuni hata kidogo, ila mimi nilikuwa nimelala vizuri.

Tena kuna jambo moja unalolijua kuliko mimi. Ukikosea kitanzi katika kufuma, wafumua mstari, uzi warudi mkononi, waanza upya. Ulichokwisha kisoma hakifumuliwi. Rosa umekwisha mjua, hata ukikifunga kitabu leo. Na binti yako, tofauti na mabinti wa vitabuni, yuko chumba cha pili, na unaweza kumwita.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Usiku wakati wa kulala usikifungue. Kifunge kwa kitambaa, ukiweke mahali pakavu, ufume vipande 46 vilivyobaki huku ukisikiliza redio au mazungumzo ya wageni. Ukifuma viwili kwa siku utamaliza kwa siku 23. Blanketi likiisha, mtoto akiwa amelala ndani yake, mwulize binti yako kama angependa mkisome pamoja, yeye akisoma kwa sauti nawe ukisikiliza, kama walivyofanya wale wa zamani. Akikataa, mpe kitabu mwenzako wa darasani anayekitaka, ujitafutie kingine. Akikubali, anzeni ukurasa wa kwanza, maana yeye hajui ulikofika. Na baba yake akitaka kukaa karibu, msimfukuze.

Tuandikie utujulishe umechagua rangi gani.

Juma lijalo, siku na saa kama hii, tutazungumza juu ya njia ya reli kutoka Tanga, na ndugu mmoja aliyefanya kazi humo ataleta taa yake ya zamani. Kwaherini.