Mchoro wa Mkato

Anayetaka kujenga ukumbi hapa Baraka, uwe wa kanisa, wa harusi au wa mikutano, huulizwa kwanza plani. Plani hulionyesha jengo likitazamwa kutoka juu: mlango uko wapi, kuta zina urefu gani, jukwaa litakaa upande upi. Wengi huishia hapo. Lakini plani haisemi kama mama aliyeketi nyuma kabisa atamwona mhubiri. Mchoro unaojibu swali hilo ni mchoro wa mkato.

Msanifu hulipasua jengo kwa mawazo toka paa hadi msingi, kama mtu apasuaye tunda la mchikichi kwa panga, kisha huchora kinachoonekana ndani. Kwenye plani huweka mstari wenye herufi A kila ncha, na vishale vya kuonyesha upande anaotazama. Kuta na sakafu zilizokatwa na mstari huo hujazwa rangi au mistari ya mshazari. Vilivyo nyuma yake huchorwa kwa wino mwembamba. Mkato wa urefu huanzia mlangoni hadi nyuma ya jukwaa, na wa upana huenda ukuta kwa ukuta.

Majumba ya maonyesho ya mwanzoni mwa karne ya 20 yanaeleweka zaidi kwa mchoro huu. Frank Matcham, aliyesanifu Hackney Empire ya London iliyofunguliwa mwaka 1901, alitumia mihimili ya chuma iliyoshikwa upande wa nyuma tu, hivyo roshani zikaelea juu ya watazamaji bila nguzo za kuwaziba macho. Siri hiyo haionekani kwenye plani. Kwetu Afrika Mashariki, John Houston Sinclair alisanifu jumba la Royal huko Vuga, Zanzibar, lililofunguliwa mwaka 1921. Baadaye liliungua, na mahali pake pakajengwa sinema ya Majestic mwaka 1955. Jengo likishateketea, ndani yake husomeka kwa picha na michoro tu. Ndiyo maana naona karatasi hizo zinastahili kutunzwa kama hati za ardhi.

Waliosoma kwa Kifaransa huuita mchoro huu kwa neno linalokaribia kusikika kama “kupe”, na kupe kwetu ni mdudu anyonyaye damu ya ng'ombe. Tanzania wapo wasemao “seksheni”, neno ambalo pia ni idara ya ofisi. “Mkato” peke yake huleta alama ya uandishi na njia ya mkato. Kwa hiyo nashauri tuseme jina zima, mchoro wa mkato, nalo halihitaji kufasiriwa kwa mwanafunzi.

Kazi kubwa ya mchoro huu ni kupima mstari wa macho. Weka jicho la aliyeketi kama mita 1.2 juu ya sakafu, kisha vuta mstari hadi ukingo wa jukwaa. Ukipita sentimita 12 hivi juu ya jicho la aliye mbele yake, ataona vizuri. Katika kipimo cha 1:50, hizo ni milimita 2.4 tu za karatasi, lakini ndizo zinazoamua kama sakafu iinamishwe au jukwaa liinuliwe.

Basi ndugu zangu wa Baraka na Fizi mnaochanga fedha za ukumbi, mwombeni fundi mkato wa urefu kabla msingi haujachimbwa. Zege likishakauka, kuinamisha sakafu ni gharama nyingine.