Dawa ya kukojoa: safari kutoka Vienna hadi kitanda cha mgonjwa wa moyo

Mzee akivimba miguu, akikosa pumzi na kulala akiegemea mito, hapa Makomeno wengine bado wanasema amerogwa. Waganga wa hospitali wanasema moyo umechoka: hausukumi damu sawasawa, na maji yanabaki mwilini.

Katika karne ya 19, waganga wa Ulaya walitoboa miguu iliyovimba na kuingiza mirija midogo ili maji yachuruzike. Mwaka 1919, kule Vienna, mwanafunzi wa uganga Alfred Vogl alimchoma mgonjwa wa kaswende sindano yenye zebaki. Mgonjwa akakojoa kupita kawaida. Tangu hapo zebaki ikatumiwa kutoa maji, ijapokuwa ni sumu. Vidonge vya klorothiazidi vilitokea mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha miaka ya 1960 ikaja furosemidi, ile tunayoita Lasix. Mwaka 1977 OMS iliiweka katika orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima.

Likabaki swali: apewe kiasi gani? Mwaka 2011, utafiti DOSE ulifuata wagonjwa 308 wa Marekani na Kanada. Dozi kubwa au ndogo, sindano au dripu, hakuna iliyoshinda waziwazi. Kwa hiyo dozi inafuata mgonjwa mwenyewe: uzito wake kila asubuhi, mkojo wake, figo zake. Mwaka 2019 wataalamu wa Ulaya walishauri hivi: katika saa 6 za kwanza, mkojo ukiwa chini ya mililita 100 kwa saa, dozi iongezwe mara mbili. Dawa ikipungua, maji yanabaki. Ikizidi, presha inashuka na figo zinaumia.

Jambo hili linatugusa. Kati ya 2007 na 2010, utafiti THESUS-HF ulifuata wagonjwa 1,006 katika inchi 9 za Afrika, Uganda na Kenya zikiwemo. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 52, na chanzo kikubwa kilikuwa presha. Karibu 18 kwa 100 walikufa ndani ya miezi 6.

Ndugu zetu wahami, mkikimbia, bebeni karatasi ya hospitali yenye dozi na uzito wa mgonjwa. Munganga mpya ataanzia hapo. Na kidonge cha jirani kiacheni: kilipimwa kwa mwili wake.