Vibao vya Jiometri katika Mahekalu ya Japani

Katika kipindi cha Edo, yaani kati ya mwaka 1603 na 1867 ambapo Japani ilitawaliwa na ukoo wa Tokugawa, ilistawi desturi ya kutundika katika mahekalu ya Wabudha na ya dini ya Shinto vibao vya mbao vilivyochorwa maduara, pembetatu na matufe, na kando ya kila mchoro pakaandikwa fumbo la jiometri pamoja na jibu lake. Vibao hivyo huitwa sangaku. Viliiga desturi nyingine ya zamani zaidi, ambapo muumini asiye na uwezo wa kutoa farasi hai alitoa kibao chenye picha ya farasi, kiitwacho ema. Wapenda hesabu nao wakaona kwamba fumbo lililofumbuliwa linafaa kuwa sadaka. Kibao cha kale zaidi kilichosalia, ambacho kimetoka mkoa wa Tochigi, ni cha mwaka 1683.

Hata hivyo, ibada peke yake haielezi jambo hili. Mwaka 1627 Yoshida Mitsuyoshi alitoa kitabu kiitwacho Jinkoki, kilichowafundisha watu wa kawaida kuhesabu kwa abakasi, yaani fremu yenye shanga za kusogezwa, na katika toleo la 1641 akaweka maswali 12 yasiyo na majibu ili wasomaji wajipime. Waliojibu waliongeza maswali yao wenyewe, na waliowafuata wakafanya vivyo hivyo, mfano wa washairi wanaojibizana kwa mafumbo. Hekalu, ambalo lilikuwa mahali pa mikusanyiko ya kila namna ya watu, liliufikisha ushindani huo mbele ya umma. Majina yaliyomo katika vibao ni ya samurai, wafanyabiashara na wakulima, na katika baadhi yake ya wanawake na watoto pia.

Kibao cha mwaka 1824 kutoka mkoa wa Gunma chatosha kuonyesha mwelekeo wa mafumbo haya. Maduara mawili yanagusana huku yote mawili yamekaa juu ya mstari mmoja ulionyooka, na katika mwanya uliobaki kati yao na mstari limebanwa duara la tatu linalogusa yote mawili pamoja na mstari huo. Linalotakiwa ni uhusiano wa nusu vipenyo vya maduara hayo matatu, nusu kipenyo kikiwa umbali kutoka kitovu cha duara hadi ukingoni. Ufumbuzi unapatikana kwa kuchora pembetatu yenye pembe mraba, ambayo upande wake mrefu unaunganisha vitovu vya maduara mawili na upande wake wa wima ni tofauti ya nusu vipenyo vyao. Kwa kanuni inayojulikana kwa jina la Pythagoras, ambayo Wajapani waliipata kupitia vitabu vya China, upande wa mlalo huwa mara mbili ya kipeuo cha pili cha zao la nusu vipenyo hivyo. Ikiwa maduara makubwa yana nusu vipenyo 9 na 36, umbali huo ni 36. Duara dogo lenye nusu kipenyo 4 linatoa umbali wa 12 upande mmoja na 24 upande wa pili, ambavyo jumla yake ni 36 kamili, kwa hiyo jibu ni 4.

Vibao vingi havikuonyesha njia kama hiyo. Vilitaja swali, jibu na pengine kanuni fupi kwa maandishi ya Kichina cha kisomi, kisha mtazamaji akaachiwa kazi ya kutafuta sababu. Hapo ndipo palipokuwa na utamu wa desturi hii, na ndipo palipokuwa na udhaifu wake, kwa maana elimu isiyodai uthibitisho hadharani ni rahisi kugeuka siri ya chuo na mwalimu wake.

Kibao pia kilikuwa tangazo la chuo, na heshima ya chuo ilikuwa jambo la kugombewa. Aida Yasuaki, aliyefika mji wa Edo akitaka kujiunga na chuo kilichofuata mafundisho ya Seki Takakazu, mwanahisabati mkuu aliyefariki mwaka 1708, aliambiwa na Fujita Sadasuke, mwalimu wa chuo hicho, asahihishe kwanza makosa yaliyomo katika kibao alichokuwa amekitundika. Aida alikataa. Mwaka 1785 alichapisha kitabu cha kukosoa kazi ya Fujita, akaanzisha chuo chake mwenyewe, na malumbano ya maandishi kati ya pande hizo mbili yakaendelea kwa miaka mingi. Ugomvi huo, pamoja na uchungu wake, ulikuwa na faida kwa elimu, kwani ulizilazimisha pande zote mbili kuweka kanuni zao wazi katika vitabu. Mwaka 1789 ukatoka mkusanyiko wa kwanza wa mafumbo ya vibao uliochapishwa, ulioandaliwa na Fujita Kagen, mwana wa Sadasuke.

Sheria ya elimu ya mwaka 1872, iliyoagiza shule zifundishe hisabati ya Kimagharibi, iliipunguzia desturi hii nguvu, ingawa vibao vichache viliendelea kutundikwa baadaye. Mbao zilioza na mahekalu yakaungua. Vilivyosalia leo vinakadiriwa kuwa 900 hivi, na vingine vinajulikana kwa sababu tu vilinakiliwa vitabuni. Miongoni mwa vilivyopotea ni kile kilichotolewa na Irisawa Shintaro Hiroatsu mwaka 1822 katika hekalu la Samukawa, mkoani Kanagawa. Fumbo lake lilihusu matufe mawili yanayogusana ndani ya tufe kubwa na kuzungukwa na mkufu wa matufe mengine, ambayo sharti yawe sita, kila moja likigusa jirani zake wawili pamoja na yale matatu ya kwanza. Kwa kuwa kilinakiliwa katika kitabu cha mwaka 1832, nakala yake iliweza kutengenezwa na kukabidhiwa kwa makumbusho ya hekalu hilo Agosti 2009. Frederick Soddy, mkemia wa Uingereza aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921, aliifikia kanuni hiyohiyo kivyake na kuitangaza mwaka 1937, miaka 115 baada ya kibao cha Samukawa, na mpaka leo mkufu huo wa matufe sita unajulikana kwa jina la Soddy, wala si la Irisawa.