Msongamano wa Wati

Ukiomba koili ya kuchemshia maji katika duka la vifaa vya umeme, swali la kwanza utakaloulizwa ni wati ngapi. Ni swali la haki, maana wati ndizo zinazoamua maji yatachemka baada ya muda gani na kama soketi itahimili. Lakini kwa anayejiundia mtambo mdogo wa kukeneka nyumbani, awe anatafuta mafuta ya mchaichai au maji ya betri, kipo kipimo cha pili ambacho muuzaji haulizi. Hicho ndicho kinachoamua kama vilivyomo chunguni vitaungua. Katalogi za Kiingereza hukiita watt density; mimi nakiita msongamano wa wati.

Maana yake ni wati za koili zikigawanywa kwa eneo la ganda lake linalogusa kimiminika. Chukua koili yenye unene wa milimita 8, ambayo sehemu yake ya moto ina urefu wa sentimita 60. Eneo lake ni kama sentimita mraba 150. Ikiwa ni ya wati 1,500, kila sentimita mraba inabeba wati 10. Koili nyingine ya wati hizo hizo na unene huo huo, ila yenye urefu wa sentimita 30, inabeba wati 20. Zote mbili zitachemsha maji kwa muda uleule, lakini ganda la ile fupi litakuwa na moto mkali zaidi, kwa sababu joto lote linalazimika kupita penye nafasi nusu.

Ndani ya koili mna waya wa nikromu, aloi ya nikeli na kromiamu ambayo Albert Marsh alipewa hataza yake Marekani mwaka 1906. Waya huo umezungukwa na unga wa magnesia, unaopitisha joto na kuzuia umeme, na nje kuna ganda la shaba au chuma cha pua. Maji matupu hulipokonya ganda joto lake upesi. Majani, maganda ya matunda au uji wa nafaka hunata. Tabaka linalonata huzuia joto lisitoke, ganda likazidi kupata moto, na tabaka likageuka mkaa. Harufu ya kuungua hupanda na mvuke na kuingia katika kile kinachokenekwa, na kuiondoa humo baadaye ni kazi ngumu.

Kwa nini msongamano? “Nguvu” tayari ni ya wati zenyewe. “Ukali” unaeleza hisia, haupimiki. “Wiani” ni neno sahihi la kitaalamu, ila fundi wa mtaani halitumii. Msongamano kila mtu anaujua: abiria sitini katika daladala moja si sawa na abiria sitini katika daladala mbili, ingawa idadi ni ileile. Atakayelalamika kwamba neno hili lina harufu ya kero atajibiwa na matumizi yenyewe, kwa kuwa tunasema msongamano mkubwa na msongamano mdogo bila shida.

Katika maduka ya Marekani, koili za hita za maji hupangwa kwa madaraja. Zenye msongamano mkubwa hufika karibu wati 150 kwa inchi mraba, yaani kama 23 kwa sentimita mraba. Za chini kabisa huwa karibu 50, yaani kama 8. Hizi za chini hutambulika kwa macho: bomba lake limekunjwa na kurudishwa, au limepindwa mawimbi, ili eneo liongezeke.

Ipo njia nyingine ya kupunguza msongamano. Koili mbili zinazofanana, kila moja ya wati 3,000, zikiungwa mfululizo, kila moja hupata nusu ya volti na kutoa robo ya nguvu yake. Utapata wati 1,500 kwa jumla, na msongamano wa kila koili utashuka hadi robo.

Msongamano mdogo hauiokoi koili iliyoachwa wazi juu ya maji, kwani hewa haibebi joto kama maji. Wala hauondoi hatari ya mvuke wa pombe, ambao hushika moto. New Zealand iliruhusu mwaka 1996 mtu kukeneka pombe kali kwa matumizi yake mwenyewe. Nchi nyingi hudai leseni.

Kama boksi halitaji msongamano, pima urefu na unene, kisha piga hesabu pale pale kaunta. Anayekeneka maji ya betri peke yake anaweza kununua koili fupi ya bei nafuu na asipoteze kitu. Anayetia majani ayaweke juu ya wavu, mbali na koili. Akiyatumbukiza majini, basi alipie urefu.