Barabara Kuu Isiyo na Magari

Michigan ndilo jimbo lililoipa dunia magari ya Ford, na ndilo lenye barabara kuu ambayo magari yamepigwa marufuku. Inaitwa M-185. Urefu wake ni kilomita 13 hivi. Inakizunguka kisiwa cha Mackinac, ndani ya Ziwa Huron, mpaka inarudi ilikoanzia. Watu huipita kwa miguu, kwa baiskeli, au kwa magari ya kukokotwa na farasi.

Waanishinaabe, wenyeji wa kisiwa, walikifananisha na kasa mkubwa. Wafaransa, Waingereza na Wamarekani walikigombea kwa sababu ya biashara ya ngozi na mlangobahari wa maji baridi unaounganisha maziwa ya Huron na Michigan. Waingereza walianza kujenga ngome juu ya jabali mwaka 1780, wakaikabidhi kwa Wamarekani 1796. Alfajiri ya tarehe 17 Julai 1812 walirudi. Waliteremka ufuo wa kaskazini-magharibi pamoja na wapiganaji wenyeji, wakakokota mzinga msituni hadi kwenye kilima kilichoipita ngome kwa kimo. Askari waliokuwa ndani hawakuwa wamepata hata habari kwamba vita vimetangazwa, wakasalimu amri bila mapigano. Ufuo huo unaitwa British Landing hadi leo, na M-185 inapita papo hapo. Kwangu mimi, hakuna sehemu ya barabara hii inayostahili mtu asimame kuliko hiyo.

Baada ya vita kisiwa kilirudi kwa Wamarekani. Biashara ya ngozi ilififia, watalii wakashika nafasi yake. Mwaka 1875 sehemu kubwa ya kisiwa ikawa hifadhi ya taifa, ya pili Marekani baada ya Yellowstone. 1895 ikakabidhiwa jimbo.

Magari yalipoanza kufika, farasi walishtuka na wenye farasi wakalalamika. Mwaka 1898 kijiji kikayakataza. Barabara ya ufukweni ilikuja kujengwa baadaye, katika muongo wa kwanza wa karne ya 20: sheria iliitangulia lami. Jimbo lilipoipokea kuwa barabara kuu mwaka 1933, halikuitengua sheria hiyo. Yanayoruhusiwa ni magari ya dharura na, majira ya baridi, pikipiki za theluji.

Adui wa barabara siku hizi ni ziwa lenyewe. Mwaka 2019 na 2020 maji yalipanda mno, mawimbi yakamega kingo, na jimbo likalazimika kuikarabati kwa ajili ya kwato na baiskeli.