Uji wa Kijani Tumboni mwa Ngege

Muuza samaki wa soko la Nakasero akimpasua ngege hutoa utumbo mrefu wenye uji wa kijani, akautupa. Uji huo ni mwani wa ziwani. Nimechagua kueleza jinsi wataalamu walivyoutafutia thamani, kwa sababu jedwali la virutubisho peke yake halisemi nani atashiba.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwani wa kijani wa maji baridi uitwao Chlorella ulitarajiwa kuilisha dunia. Ukikaushwa, takriban nusu ya uzito wake ni protini. Mwaka 1953 Taasisi ya Carnegie ya Washington ilitoa kitabu kizima kuhusu kuukuza. Lakini ukuta wa seli zake ni mgumu, na tumbo la binadamu haliumudu vizuri. Chakula kimo, mlango umefungwa.

Je, samaki anaufungua? Mwaka 1951 mtafiti wa kituo cha uvuvi cha Jinja, G. R. Fish (ndilo jina lake hasa), alisema ngege wa asili wa Ziwa Victoria hafaulu: mwani wa kijani na wa kijani-buluu ulimpita tumboni ukiwa mzima.

Miaka ishirini baadaye ubishi ulihamia Ziwa George, magharibi mwa Uganda, ambako maji huwa ya kijani mwaka mzima. Huko D. J. W. Moriarty alimchunguza ngege wa Nile, na mwaka 1973 akachapisha matokeo: tumbo la samaki huyu hutoa asidi kali mno, hata kufikia pH 1.4, inayozivunja seli. Ila asidi hiyo haipo saa zote. Samaki huanza kula alfajiri asidi ikiwa haba, na mwani wa mwanzo hutoka bado kijani. Baadaye hutoka kahawia, umeyeyushwa. Kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote: jibu lilitegemea pia saa ya kumpasua samaki. Hata hivyo Chlorella ilimshinda kiasi. Alinufaika na takriban nusu yake tu.

Fish na Moriarty walichunguza aina mbili tofauti, kwa hiyo simhukumu wa kwanza kwa kipimo cha wa pili. Ngege wa Fish karibu ametoweka Victoria, amebaki katika maziwa madogo ya jirani. Anayeuzwa Nakasero leo kwa jina hilohilo ni yule wa Nile, aliyepandikizwa Victoria miaka ya 1950.